Miguu ya Jumamosi

Nikiwaambia jamaa zangu wa Upanga kwamba juzi nilikuwa kwenye mechi ya kikapu ya vyuo vya Marekani, swali la kwanza ni lilelile: nani pale anakwenda NBA? Siwalaumu. Sisi tuliokulia pembeni ya uwanja wa Don Bosco tukibishania klabu za Vijana na Savio, vyuo vya huku tulivijua kupitia Hasheem Thabeet. Alisoma University of Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa wa pili katika drafti nzima, yaani zamu ya timu za NBA kuchagua wachezaji wapya. Tangu hapo ukitaja chuo na kikapu, mtu wa Dar anaona ukumbi wa maelfu ya watu, taa kali na kocha mwenye suti ya bei mbaya.

Mimi ninafuatilia Bates. Ni chuo cha wanafunzi wasiofika 2,000 hapa Lewiston, jimbo la Maine, mji wa viwanda vya nguo vilivyokufa na maduka ya Wasomali kwenye mtaa wa Lisbon. Wanacheza katika Alumni Gym, ukumbi wa zamani ambao watu mia chache tu wanatosha kuujaza. Ukikaa safu ya chini unasikia kocha anachomwambia mchezaji, na mchezaji naye anasikia unachomwambia refa, kwa hiyo chunga mdomo. Siku yangu ya kwanza niliingia kukimbia baridi. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nimelala mchana, nimeamka jioni sina pa kwenda. Mlangoni hapakuwa na wa kuniuliza tiketi. Nikakaa, na majira ya baridi yote yaliyofuata nikawa ni mtu wa pale.

Kwanza ilinibidi niache kufikiri kwa hesabu za ligi zetu. Kwetu timu ya daraja la tatu inapigania kupanda daraja la pili, na ya pili inapigania ya kwanza. Huku Daraja la Tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, halina kupanda wala kushuka. Vyuo zaidi ya 400 viko humo kwa hiari yao, na masharti yao makubwa ni kwamba hakuna kijana anayelipiwa ada kwa sababu anajua kutupia. Katika vyuo vya aina ya Bates mwaka mmoja wa masomo, kulala na kula sasa unapita dola 80,000. Msaada upo, tena mkubwa, ila unatolewa kwa kuangalia mfuko wa familia. Kijana anaweza kufunga pointi 30 Jumamosi na barua yake ya ada isibadilike hata senti moja. Anaweza kuacha timu Jumapili, na Jumatatu akaendelea na masomo kama kawaida. Kwa hiyo kila unayemwona akijitupa sakafuni kuokoa mpira, amejitupa kwa kupenda. Jambo hilo lilinichukua muda kulizoea. Bado nikilifikiria nashangaa.

Ligi yao inaitwa NESCAC, iliundwa mwaka 1971, na ina vyuo 11: Amherst, Bates, Bowdoin, Colby, Connecticut College, Hamilton, Middlebury, Trinity, Tufts, Wesleyan na Williams. Vyote ni vidogo, vyote ni vigumu kuingia, na vinajivunia kubana michezo isimeze masomo. Mazoezi rasmi ya kikapu huanza Novemba 1, nyuma ya ligi nyingi za daraja hilo, na kabla ya mtoano timu haichezi zaidi ya mechi 24. Lakini zinazohesabika kwenye msimamo ni kumi tu. Kila timu unakutana nayo mara moja, basi.

Kumi! Mtu wa soka la Bongo hebu tafakari. Ligi Kuu ina mechi 30. Ukiteleza Septemba unajipanga, Machi unalipiza, kuna marudiano. Hapa ukifungwa na Williams ukiwa kwao, hakuna siku watakayokuja kwako kulipa deni. Ni mpaka mwakani, na mwakani nusu ya kikosi chako wamehitimu, wako benki Boston au wanasomea udaktari. Kuna kituko kimoja: vyuo vitatu vya Maine, yaani Bates, Bowdoin na Colby, kwa kawaida hukutana mara mbili, na mechi moja kati ya hizo mbili haina athari yoyote kwenye msimamo. Ile isiyohesabika ndiyo nimeona watu wakivimba mishipa ya shingo. Brunswick waliko Bowdoin ni kilomita 30 na kitu kutoka hapa; watoto wa pande zote mbili wanajuana tangu sekondari, na wazazi wao wananunua mboga duka moja.

Sasa nije kwenye Ijumaa na Jumamosi, maana humo ndimo nilimojifunza kuangalia mpira.

Mechi za ligi zinakwenda kwa jozi. Timu inasafiri, inacheza Ijumaa saa moja usiku mji huu, halafu Jumamosi alasiri inacheza tena mji mwingine au na mgeni mwingine. Kati ya king'ora cha Ijumaa na mpira wa kwanza wa Jumamosi hayafiki masaa 20, na humo ndani kuna basi, kuna hoteli, kuna barafu barabarani. Hamilton iko Clinton, jimbo la New York. Kutoka Lewiston ni mwendo wa saa sita hivi theluji ikikuhurumia. Middlebury iko Vermont, ng'ambo ya milima. Na vijana hawa Ijumaa asubuhi walikuwa darasani, wengine maabara.

Pale ukumbini kuna mzee mmoja, asili yao ni Wafaransa wa Kanada waliokuja kufanya kazi viwandani, ambaye alikuwa anakuja na karatasi na penseli. Nilidhani anaandika pointi. Siku nilipochungulia nikaona hakuandika pointi hata moja. Ameandika namba za jezi za wageni, na mbele ya kila namba dakika alizocheza mtu jana yake usiku, alizozitoa kwenye takwimu za mechi. Namba tatu, 37. Namba kumi na moja, 36. Namba ishirini na mbili, 12. Mechi ina dakika 40, vipindi viwili vya dakika 20. Nikamuuliza faida yake ni nini. Akasema subiri kipindi cha pili, halafu usiangalie ubao, angalia mikono yao mpira ukisimama.

Nikaangalia. Kila refa akipuliza filimbi, mlinzi wa wageni namba tatu, yule wa dakika 37, anainama na kushika ncha za kaptula. Mwanzoni anashika na kuachia. Baadaye anashika mpaka refa anampa mpira mkononi. Zikiwa zimebaki kama dakika nane akaenda kwenye mstari wa mitupo huru. Mtupo wa kwanza uligonga chuma cha mbele ukarudi. Wa pili vilevile, chuma cha mbele. Mzee akanigusa kiwiko. Mtu anayekosa kwa kupeleka mpira kushoto au kulia ana tatizo la mkono, akanieleza, lakini anayekosa kwa ufupi, mpira ukafia mbele, huyo magoti yamekwisha, kwa sababu nguvu ya mtupo inaanzia miguuni. Na kweli, kocha wa Bates alikuwa ameliona kabla yetu: kila shambulio wakawa wanampeleka namba tatu kwenye kizuizi, yaani mwenzao aliyesimama kumzibia njia, akwepe, akimbie, akwepe tena, akimbie tena. Hawakumnyang'anya mpira hata mara moja. Walimchosha tu, taratibu, na dakika za mwisho mtu aliyekuwa anakabwa na yeye ndiye aliyekuwa peke yake kwenye kona akitupia tatu.

Tangu siku ile nikaanza kuja na takwimu zangu kwenye simu. Mechi zote za ligi zinaonyeshwa bure mtandaoni, kwa hiyo Ijumaa usiku, Bates wakiwa nyumbani, nikirudi nyumbani najua tayari wageni wa kesho wamecheza dakika ngapi na nani ameumia kifundo. Nikagundua timu zinazomaliza juu mwezi Februari si lazima ziwe na mchezaji bora. Ni zile zenye mtu wa saba na wa nane anayeweza kucheza dakika 15 za Ijumaa bila kuharibu. Kocha anayewapumzisha nyota wake Ijumaa akiwa anaongoza kwa pointi tisa tu, jukwaa linamwona kichaa. Jumamosi saa kumi na moja jioni ndipo unajua alikuwa anahesabu nini. Wapo makocha wasio na moyo huo. Wanashikilia watano walewale mpaka king'ora, wanashinda Ijumaa kwa jasho, na kesho yake wanakuja kufungwa na timu ya chini yao, halafu kwenye mahojiano wanasema vijana hawakuwa na ari. Ari wanayo. Magoti ndiyo hayapo.

Kazi yangu ilinisaidia kuelewa hili upesi kuliko wengine, nadhani. Ukigeuza wagonjwa kitandani zamu mbili mfululizo, zamu ya pili mwili unakudai ulichokopa kwenye ya kwanza, hata uwe na moyo wa simba.

Kazini nina dada mmoja kutoka Uvira, Kongo, tunaitana kaka na dada ingawa Kiswahili chake na changu vinasalimiana kwa mbali. Walifika Maine mwaka 2019, ule msimu wa kiangazi ambao mamia ya watu waliokuja kuomba hifadhi, wengi wao Wakongo na Waangola, walilazwa katika ukumbi wa Expo mjini Portland. Expo ni uwanja wa kikapu, nyumbani kwa timu ya ligi ndogo ya NBA ambayo sasa inaitwa Maine Celtics. Vitanda vya kukunja vilipangwa chini ya nyavu. Mtoto wake wa kiume alikuwa mdogo wakati huo, na mpaka leo anasema alijifunza mistari ya uwanja kwa kulala juu yake: wao walikuwa ndani ya mstari wa pointi tatu, shangazi yake alikuwa nje. Sasa yuko sekondari, ana mikono mirefu kama makasia, na Jumamosi ninakuja naye ukumbini. Ananiita papa, kwa heshima ya kwao. Jicho lake ni kali kuliko karatasi ya mzee. Mechi moja kipindi cha kwanza hakijafika katikati akaniambia, "Papa, angalia ule wa ine, anapumuaka na mabega." Nikamtafuta namba nne. Kifua kilikuwa kimetulia, mabega yanapanda na kushuka. Kocha wao alimtoa dakika tano baadaye.

Mzee na kijana wale hawana lugha moja ya kutosha, na wanaelewana kuliko ninavyoelewana mimi na yeyote kati yao. Mzee anaonyesha kwa penseli, kijana anatikisa kichwa kukataa, mzee anafuta.

Nisiseme ukumbi ule ni furaha tupu. Oktoba 25, 2023 mtu aliwafyatulia watu risasi hapa Lewiston, katika ukumbi wa kurusha matufe na katika baa moja, akaua watu 18. Tulijifungia ndani siku mbili wakati polisi wanamtafuta, chuo kimefungwa, barabara tupu. Wiki chache baadaye msimu wa kikapu ukaanza. Niliona sura ambazo sijawahi kuziona pale, watu wa mjini ambao kwa maisha yao yote hawakuwahi kupanda kilima cha chuo. Hawakujua wachezaji, hawakujua NESCAC ni nini. Walikaa. Wengine hawakurudi tena baada ya Krismasi na wengine wapo mpaka leo.

Ukianza kufuatilia ligi hii, hutamaliza wiki kabla mtu hajakusimulia habari za Duncan Robinson. Ni kweli, habari ni nzuri: mtoto wa New Hampshire, akaanza Williams, na mwaka wake wa kwanza timu ikafika fainali ya Daraja la Tatu ya 2014 ikafungwa 75-73 na Wisconsin-Whitewater. Akahamia Michigan, akamaliza, hakuchaguliwa kwenye drafti ya 2018, Miami Heat wakamchukua, na mwaka 2021 akasaini mkataba wa dola milioni 90. Mimi habari hii imenichosha. Inasimuliwa kana kwamba ligi nzima ipo ili siku moja imtoe mtu mwingine kama yeye, na wale wengine wote ni wa kujazia benchi. Nenda kaangalie mechi ya Jumatano ya Desemba, mitihani ikikaribia, watazamaji ni wazazi, mbwa mmoja wa kuongoza kipofu na sisi watatu. Vijana wanakabana kama fainali. Hakuna skauti, msaka vipaji, hata mmoja mlangoni.

Januari na nusu ya kwanza ya Februari ndio utamu wenyewe. Kwa kuwa mechi ni kumi, msimamo unabanana vibaya. Timu ya tatu na ya nane zinaweza kutofautiana kwa ushindi mmoja au miwili, na wikiendi moja mbaya inakutoa kwenye kuandaa mechi ya mtoano nyumbani inakupeleka kupanda basi. Bingwa wa mtoano anapata tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya taifa, ya timu 64. Wengine wanategemea namba inayoitwa NPI, ambayo tangu msimu wa 2024-25 ndiyo inayotumika kuchagua timu: inapima ushindi wako na uzito wa uliocheza nao. Zamani kamati ilikuwa inakaa na kubishana, na sisi mashabiki tukawa tunaisoma midomo. Sasa ni hesabu. Mzee haipendi, anasema kompyuta haijui kuwa barabara ya Vermont ilikuwa na barafu. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo. Barafu ilimkuta kila mtu.

Jumamosi ya mwisho ya ligi mechi huchezwa karibu muda mmoja, kila mtu jukwaani ana jicho moja uwanjani na jingine kwenye simu. Unashangilia kikapu cha watu walioko kilomita 300 huku mbele yako kuna mtu anatupia mitupo huru. Timu zikilingana wanaangalia waliokutana nani alimfunga nani, na hapo ndipo mtu anakumbuka mechi ya Ijumaa moja ya Januari, ile ya dakika ya mwisho, ambayo siku ile ilionekana ya kawaida kabisa.

Mwishoni mwishoni kabla ya mtoano kuna siku ya kuwaaga wa mwaka wa nne. Wanaitwa mmojammoja, wanatembea na wazazi mpaka katikati ya uwanja, maua, picha. Kisha kwa kawaida kocha anawaanzisha wote, hata yule ambaye miaka minne amekalia benchi. Mara moja nilimwona mmoja wa hao. Mwembamba, miwani ya kamba. Miaka yote nilimjua kwa kazi moja: alikuwa wa kwanza kusimama kumpa maji anayetoka. Alianza, akakimbia huku na huko dakika mbili bila kuguswa na mpira, halafu mwenzake akampasia kwenye kona akatupia, ukaingia. Baba yake hakupiga makofi. Alikaa chini, akafunika uso kwa kofia. Kocha akamtoa mchezaji yule kwenye filimbi iliyofuata, kwa sababu mechi ilikuwa inahesabika, na nilimheshimu kocha kwa kumtoa kuliko kwa kumwanzisha.

Machi 2025 Trinity, chuo cha Hartford kwenye ligi hiihii, walichukua ubingwa wa taifa huko Fort Wayne, Indiana, kwa kuwafunga NYU, chuo kikuu cha New York, 64-60. Kabla yao Williams walishabeba mwaka 2003, Amherst 2007 na 2013. Niliitazama fainali kwenye simu, nimeiegemeza kwenye chupa ya maji. Jumamosi iliyofuata mzee akanipigia kunikumbusha kwamba wikiendi mbili za kwanza za mashindano ya taifa nazo ni Ijumaa na Jumamosi, mfululizo, na kwamba timu za NESCAC zinafika pale zikiwa zimeshafanya zoezi hilo Januari nzima huku wengine wamezoea kupumzika siku mbili tatu kati ya mechi. Hicho ndicho kilichowapa kombe, akasema, ratiba.

Nikaweka simu kwenye spika ili kijana asikie. Akacheka. Akasema ratiba haikabi mtu, na Trinity walikuwa wanakaba kama wadai. Mzee akauliza amesema nini, nikamtafsiria, akasema mwambie mtu aliyechoka hawezi kukaba. Nikatafsiri tena. Kijana akasema basi mwambie na wale NYU nao walipita Ijumaa na Jumamosi zilezile, mbona hawakuchoka mpaka pointi nne za mwisho. Nikamwachia simu, nikaenda kuvaa sare ya kazi.